Maua Yameoga, Sisi Bado

Bwenini
Jumamosi, 3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na kama fundi hajambo na cherehani haijambo, basi nimefurahi.

Keti kwanza. Umeketi? Nimekuwa mhariri. Lile gazeti letu la shule, Dirisha, ulilosema likizo iliyopita kwamba herufi zake zinakutoa machozi, sasa liko mikononi mwangu. Walipiga kura darasa letu zima, nami nilijipigia pia, kwa hiyo usinisifu sana.

Tumepewa chumba, Mama. Kilikuwa stoo ya ramani. Kina meza ya miguu mitatu, mguu wa nne ni tofali, na kompyuta inayowaka ikijisikia. Tuko watatu: mimi, Mchoraji, ambaye akikuchora kisogo tu watu wanakujua, na Karani, anayepiga taipu huku anatafuna kifuniko cha kalamu. Nawapenda kama ndugu.

Sasa sikia lililonipata. Makala yangu ya kwanza ilikuwa juu ya maji. Ukiingia getini kwetu unakutana na bustani ya maua kama ya ikulu. Mwalimu Mkuu anaipenda, na kiangazi hiki chote imekuwa ikinywa maji asubuhi na jioni. Bomba la bweni nalo linatoa maji alfajiri tu, likishakohoa mara mbili ndiyo basi mpaka kesho. Kwa hiyo niliandika, nikakiita kichwa chake "Maua Yameoga, Sisi Bado". Niliuliza wasichana, nikamuuliza mtunza bustani, nikakaa dirishani kuangalia mwenyewe. Sikutukana mtu.

Lakini hapa gazeti halichapwi mpaka Mwalimu Mkuu alisome lote. Ana kalamu ya kijani, anasema nyekundu inatisha watoto, na ana muhuri wa IMEPITISHWA. Bila muhuri huo katibu wa ofisi hawashi mashine. Alisoma makala yangu akiwa amesimama. Kisha akaweka rula, akapiga mstari wa kijani kutoka kona hii mpaka kona ile, umenyooka kweli, akasema, "Hapa wekeni shairi la usafi."

"Usafi bila maji, Mwalimu?" nikamuuliza.

Akasema nina ulimi. Sijui huo nimeutoa wapi, Mama. Labda kwa baba.

Nimekunakilia makala yote kwa mkono, iko ndani ya bahasha hii. Kwa kuwa hakuna atakayeisoma hapa, wewe uwe msomaji wangu wa kwanza. Na utuombee. Omba gazeti letu liachwe liseme.

Kasuku wako,
sasa mhariri


Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumamosi, 10 Februari

Kasuku wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Namsalimu pia matroni, maana najua barua zinazoingia huko zinafunguliwa. Matroni, habari za kazi. Ile sketi uliyoniachia siku ya wazazi nimeitoa kidogo kiunoni, usihofu, hakuna atakayejua ila mimi, wewe na Mungu.

Mwanangu, mhariri. Nilipofika kwenye neno hilo niliisimamisha cherehani na mguu bado uko kwenye pedeli. Mteja aliyekuwa akisubiri pindo la suruali akadhani kuna msiba. Nikamwambia, kaka, msiba gani, mimi ni mama wa mhariri, suruali yako njoo kesho. Baba yako alikuwa anachomelea geti la watu huko nje, nikamwitia, naye akafunua ile miwani yake nyeusi akasema "Vizuri," akaifunika tena. Lakini tangu siku hiyo anapiga mluzi akichomelea. Unamjua.

Makala nimeisoma. Nimeisoma nikiwa nacheka, kisha nikasikia uchungu, kwa sababu mtoto niliyemwogesha mimi mwenyewe mpaka alipokuwa ananikimbia na povu sasa anaoga kwa kikombe. Ila mwanangu, mwalimu ni mkubwa. Akisema weka shairi, basi weka shairi, halafu tumwachie Mungu amguse moyo. Mimi shule niliishia la saba, sijui mambo ya magazeti, lakini najua mkubwa havutwi shati mbele za watu.

Haja yako nimeipeleka kwa kina mama wa maombi Alhamisi, kama ulivyotaka. Wameipokea vizuri sana. Hata yule Bibi wa Maua, mgeni wetu aliyehamia juzi kwa bintiye nyuma ya kiwanda cha matofali, alisikiliza mpaka akasogeza kiti mbele. Tunamwita hivyo kwa sababu hakosi kuja na maua kwenye kopo la mafuta ya kupikia, anayaweka mezani, ndipo anakaa. Basi jua kuwa mnaombewa na watu wazito.

Kula vizuri. Usimjibu mwalimu kwa haraka, hesabu kwanza vidole.

Mama yako


Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Alhamisi, 15 Februari

Kwa mzazi wa mwanafunzi mhariri wa gazeti la shule,

YAH: MAKALA ILIYOTOKA NJE YA SHULE BILA IDHINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukufahamisha kwamba makala ya binti yako, ambayo sikuipitisha, imetoka nje ya shule kwa njia isiyojulikana. Nimepigiwa simu na mzee ninayemheshimu kuliko watu wote walio hai, akanieleza yaliyomo karibu neno kwa neno, pamoja na bomba linalokohoa. Simu hiyo ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo nimelisimamisha gazeti, nimefunga chumba chake, na binti yako si mhariri tena mpaka aliyetoa makala hiyo ajulikane. Amehojiwa mara mbili na anasema hajui. Naomba umshauri aseme ukweli.

Natanguliza shukrani kwa ushirikiano wako.

Mwalimu Mkuu


Bwenini
Jumamosi, 17 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua hii haina mzaha mwingi, nisamehe.

Wametufungia. Kufuli kubwa kama la duka. Mwalimu Mkuu ameniita mara mbili kuniuliza nani ametoa makala nje, na mimi sijui. Naapa sijui, na najua hupendi niape. Karani anamtazama Mchoraji, Mchoraji ananitazama mimi. Jana tulikula meza moja bila kusema neno, sisi watatu ambao tulikuwa tunafukuzwa maktaba kwa kelele. Hilo linaniuma kuliko kufuli.

Halafu kuna jambo la ajabu. Mpira wa bustani umekunjwa tangu wiki iliyopita. Maji sasa yanakuja bwenini mchana. Mama, ungesikia wasichana wanavyoimba bafuni, wanashika sauti zote nne na hakuna kwaya. Na Mwalimu Mkuu nimemwona amesimama bustanini peke yake, ameliinamia ua moja kama mtu anayeliomba msamaha.

Akaniambia, "Maji umepata. Sasa habari yako imekufa yenyewe. Nitajie aliyeitoa nikufungulie chumba."

Nilihesabu vidole. Vya mikono na vya miguu.

Mama, wewe ndiye uliyekuwa na nakala peke yako. Nilipofikiri hivyo nikajiona mjinga, maana wewe humjui mtu huku. Nijibu upesi.

Kasuku wako,
aliyekuwa mhariri


Nyumbani
Jumanne, 20 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na matroni nakusalimu tena. Dada, ukiifungua hii funga mlango kwanza.

Ni mimi.

Usipige kelele, nisikilize. Pale kwetu kwenye maombi tuna utaratibu. Mwaka ule muuza mkaa alisema tu "niombeeni mguu", na sisi tukauombea mguu wa kushoto wiki nyingi, kwa kufunga na kwa machozi, kumbe mgonjwa ni wa kulia. Tangu hapo tulikubaliana kila haja isomwe yote, kama ilivyoandikwa, asiachwe Mungu akikisia na sisi tukikisia. Kwa hiyo Alhamisi ile nilisimama nikasema, haja ya binti yangu ni gazeti lake.

Mkunga akauliza, "Linaumwa nini?"

Nikasema, "Limekatazwa kusema."

"Kusema nini? Isome yote, tusije tukaombea mguu usio wenyewe."

Nikatoa makala yako kwenye bahasha, nikasoma. Mwanangu, nilisoma kama redio. Nilipofika kwenye bomba linalokohoa mara mbili, muuza mkaa akacheka mpaka akaomba radhi. Bibi wa Maua akasogeza kiti, akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Shule gani hiyo?" Nikaitaja. Akayatazama maua yake kwenye kopo, akasema, "Endelea, mwanangu. Na hapo penye maua soma polepole."

Kisha nikaongoza maombi. Sasa hapa naongea na wewe kama mwanangu. Siku hiyo nilikuwa nimeshona majoho ya kwaya tangu alfajiri. Nilifumba macho, nikaanza vizuri, nikaomba kwa ajili ya shule, walimu, maji, na katikati ya kuomba usingizi ukanichukua. Mimi kiongozi. Nasikia nilikoroma, na kina mama wakajibu "Amina" kwa kuwa hawakujua la kufanya. Niliposhtuka, kiti cha Bibi kilikuwa kitupu. Alikuwa barazani na simu ya mjukuu wake, amegeukia ukuta, anasema kwa ukali, "Nisikilize mimi, baba. Hapana, wewe nisikilize." Nikawaza, huyu bibi jamani, anaomba kwa ujasiri.

Ilipokuja barua ya Mwalimu Mkuu nikaenda nayo kwa Bibi, nikamwonyesha, nikamwambia, "Mama, huyu mzee aliyempigia simu ni nani, anataka kumponza mtoto wangu?" Akaisoma akiwa ameibandika karibu na pua. Akacheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka.

"Mzee huyo ni mimi," akasema. "Na huyo mwenye kalamu ya kijani nimemzaa mimi. Hayo maua vilevile ni yangu, nilimpa vipandikizi siku aliyopewa ukuu, nikamwambia uyatunze. Sikumwambia uyanyweshe maji ya watoto wa watu."

Basi mambo ndiyo hayo. Waambie Karani na Mchoraji kuwa mchawi wao yuko huku na chaki sikioni, wakumbatiane. Mwalimu Mkuu namwandikia leo hii.

Lakini mwanangu, nisikilize kama mama. Maji yamekuja. Uliomba, yamekuja. Mshukuru Mungu, chukua chumba chako ukipewa, weka hilo shairi, na habari hii iishe. Naogopa wasikurudishe nyumbani. Hilo ndilo linaloniamsha.

Mama yako


Nyumbani
Jumanne, 20 Februari

Kwa Mwalimu Mkuu,

Salamu nyingi. Mimi ni mama wa mhariri, fundi wa nguo.

Mwizi uliyekuwa ukimtafuta ni mimi. Mtoto alinitumia makala niombee, nami nikaisoma mbele ya kina mama kwa sababu kwetu haja husomwa yote. Sikujua mama yako ni mama yako. Mtoto hakujua lolote mpaka leo, na wenzake hawakujua. Kama kuna adhabu naomba uniletee mimi, isipokuwa isiwe kusimama juani, miguu yangu inavimba.

Uliandika kwamba chumba kitafungwa mpaka aliyeitoa ajulikane. Sasa amejulikana, na anwani yake unayo.

Mama yako hajambo. Ametupa maombi ya kukuombea wewe, marefu. Tumeyasoma yote.

Wako katika Bwana,
Fundi


Bwenini
Jumatatu, 26 Februari

Mama, Mama, Mama,

Shikamoo. Barua yako niliwasomea wenzangu nyuma ya bweni. Mchoraji alianguka kutoka kwenye benchi. Karani akasema, "Kumbe gazeti letu lina tawi," tukakumbatiana watatu mpaka kengele ikalia. Matroni alipita akajifanya hatuoni, lakini nilimsikia anajisemea "Amina" na kucheka. Ameisoma, Mama. Yote.

Sasa kaa tena, maana ni ndefu.

Ijumaa Mwalimu Mkuu aliniita. Barua yako ilikuwa mezani kwake, imekunjuliwa. Akasema, "Aliyetoa amejulikana. Chumba nitafungua. Ila habari ya maji iachwe, imeshapitwa na wakati, na kila toleo nitasoma kwanza kama kawaida."

Ningeitikia, Mama. Wewe uliniambia niitikie, na miguu yangu ilikuwa inataka kuitikia. Lakini nilikumbuka mstari ule ulionyooka kwenye karatasi yangu. Nikasema, "Mwalimu, kwa maji tunakushukuru kwa moyo wote. Lakini bibi asingesogeza kiti siku ile, tungekuwa bado tunaoga kwa kikombe, na hakuna ambaye angejua. Kesho likitokea lingine, tutafute bibi mwingine?"

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Habari itoke. Na kalamu ya kijani ibaki mfukoni."

Akasema, "Basi chumba kitabaki na kufuli." Nikatoka nje. Nililia kidogo bafuni. Maji yalikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Najua nauli haikuruhusu, sikuudhika. Nikiwa getini nikaona bibi mfupi ameshika fimbo na kopo la maua. Akasimama bustanini, akakata ua moja lililokauka kwa kucha, akalitia mfukoni. Akaniuliza, "Wewe ndiye kasuku?" Nikapiga goti. Akasema, "Nipeleke kwenye hilo gazeti."

Nikamwambia limefungwa. Akasema, "Mwenye ufunguo anakuja." Na kweli, Mwalimu Mkuu alikuwa anakuja mbio, Mama, mbio kabisa, tai imeenda begani.

"Mama, ungeniambia unakuja nikufuate kituoni."

"Ningekuambia ungesema uko kwenye mkutano. Fungua hapa, baba."

Akafungua. Tukaingia, Karani na Mchoraji nyuma yetu. Bibi akakaa kwenye kiti cha Karani, akaitazama meza na tofali lake. Mwalimu Mkuu akabaki mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Ulipojua kuandika," Bibi akamwambia, "uliandika ukutani kwangu kwa mkaa kuwa mama anapika chakula cha chumvi. Nilikufanya nini?"

"Mama, si mbele ya watoto."

"Nilikufanya nini?"

"Hukunifanya kitu."

"Nilipunguza chumvi. Basi. Mimi sisemi tena, mimi nimekuja kuangalia maua." Na kweli hakusema tena. Alitoa sindano na uzi akaanza kushona kifungo.

Mwalimu Mkuu akanigeukia. Kisha, Mama, akaniuliza swali la kweli, si la kunitega. "Mkiniandika uongo je? Nitakaa tu nisomwe na shule nzima?"

Nikamwambia, "Tukiandika uongo utatuonyesha, nasi tutasahihisha mbele ya watu hao hao. Na ukiwa na lako la kusema, utaliandika, tutalichapa."

"Lote?"

"Lote."

Akaingia, akachukua makala yangu, ile yenye mstari wa kijani, akaisoma tena, safari hii amekaa. Akasema, "Hapa mmeandika maua yalinyweshwa asubuhi na jioni kila siku. Jumapili hayakunyweshwa. Muulize mtunza bustani, Jumapili haji kazini."

Nilisikia aibu, Mama. Ni kweli. Sikuwa nimeuliza juu ya Jumapili. Nikachukua kalamu nikasahihisha pale pale, nikamwambia, "Asante, Mwalimu. Hilo tumekosea." Nadhani hakutegemea. Alikuwa amejiandaa kwa vita na mimi nimempa asante.

Akakohoa mara mbili, Mchoraji akauma midomo asicheke. Kisha akatoa kalamu ya kijani mfukoni, akaitazama, akamwomba Karani karatasi. "Nami niandike langu," akasema. "Mwisho lini?"

"Ijumaa," nikasema. "Nusu ukurasa."

"Nusu tu?"

"Kila mtu anapewa nusu, Mwalimu."

Bibi akakata uzi kwa meno.

Makubaliano yamebandikwa mlangoni kwetu, amesaini mwenyewe: wanafunzi wataamua kinachochapwa, mwenye kuguswa ataulizwa kabla na atajibu, na kosa litasahihishwa. Muhuri wa IMEPITISHWA tumeachiwa sisi. Mchoraji anabana nao karatasi zisipeperuke.

Mama, nina ombi. Barua yako ya tarehe ishirini nataka niichape kwenye Dirisha, ukurasa wa pili, karibu na makala. Wasomaji wajue habari ilivyopona. Ninyi wote hamtatajwa kwa majina. Uniruhusu.

Kasuku wako,
Mhariri


Nyumbani
Jumamosi, 3 Machi

Kasuku wangu, Mhariri,

Bwana asifiwe, na asifiwe tena. Matroni, mdogo wangu, sketi inakuja na basi la Jumatano, na ndani ya mfuko kuna kitambaa kilichobaki, nimekushonea leso. Umestahili kwa kusoma yote haya.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa, na mara ya tatu nikamsomea baba yako huko nje. Alizima mashine. Mwanangu, unajua huyo hazimi mashine hata kwa mvua. Nilipofika pale pa "kila mtu anapewa nusu" akavua ile miwani kabisa, akajifuta macho, akasema ni moshi. Moshi gani na mashine imezimwa.

Nami nataka kukuambia kitu. Nilikuambia uitikie, uchukue maji unyamaze. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilikuwa nakuona umerudi na sanduku lako. Nimekaa nikafikiri, niliwaambia kina mama gazeti limekatazwa kusema, tukaliombea liseme, halafu mimi mwenyewe nikakuandikia linyamaze. Mungu atakuwa alishangaa, barua mbili kutoka nyumba moja zinagombana. Umefanya vizuri kusoma ile ya kwanza.

Alhamisi kwenye maombi ilikuwa sherehe. Bibi amerudi na habari zenu, amesimulia kama mtu aliyetoka vitani, na kila akisimulia Mwalimu Mkuu anakimbia mbio ndefu zaidi. Sasa amefika mbio za kuzunguka uwanja. Mkunga anataka kujua Dirisha likitoka watapataje, maana wameliombea kwa hiyo wana hisa. Utuletee kumi. La, mpaka kwaya wanataka, ishirini.

Ruhusa ya kuchapa barua yangu unayo. Nimefurahi mpaka nimeshona mkono wa kushoto mahali pa kulia. Ila, mwanangu, pale penye usingizi na kukoroma, patoe. Mimi ni kiongozi wa maombi, nina heshima zangu. Na pale pa mguu wa muuza mkaa pazungushe kidogo. Afadhali uniletee karatasi kabla hujachapa, niipitie kwa chaki, yasiyofaa niyapigie mstari, halafu nikurudishie.

Mama yako


Bwenini
Alhamisi, 8 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mchoraji ameisoma barua yako mara mbili, akaniuliza, "Mama yako ana kalamu ya kijani?" Nikamwambia, ana chaki.

Mama, barua ni yako. Ukisema isichapwe haitachapwa, na hakuna atakayekulaumu, nitawaomba wasomaji msamaha kwa ukurasa kubaki mweupe. Lakini kuileta ukaikatakate kwanza, hapana. Mwalimu Mkuu ameleta jibu lake, nusu ukurasa kamili, amejieleza vizuri, na mwisho amekiri alikuwa anapita bwenini kila siku lakini macho yake yakiwa kwenye maua. Sikumkata hata mkato. Sasa nikimkata mama yangu mwenyewe nitamtazamaje?

Muuza mkaa umwulize mwenyewe, mguu ni wake. Akikataa, nitauheshimu mguu.

Gazeti linaingia mashineni Jumatano. Niambie tu, chapa au usichape.

Mhariri wako

Matroni amesoma barua hii kabla sijaifunga, si kazi yake lakini aliomba. Ameongeza mstari kwa penseli hapa chini:
Dada, usiuondoe usingizi. Mimi nililala kwenye maombi ya asubuhi mbele ya shule nzima na hakuna aliyenifariji mpaka niliposoma yako. Leso nimeipenda.


Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumatatu, 12 Machi

Mhariri,

Nampa kondakta wa basi barua hii mkononi, ikufike kabla ya Jumatano.

Muuza mkaa amekubali. Amesema andikeni, ila semeni pia kuwa mguu umepona, yote miwili.

Juzi niliketi na nakala ya barua yangu, ile niliyoiandika kwanza kwenye karatasi ya kukatia vipimo. Nikachukua chaki, nikaweka rula ya kukatia, nikapiga mstari juu ya usingizi wangu wote, kutoka kona hii mpaka kona ile. Ulinyooka vizuri. Nikautazama. Nikasema, jamani, kumbe ni rahisi hivi. Unaweka rula tu, mtu ananyamaza.

Bahati nzuri chaki ya fundi ni ya kufutika. Nimeifuta kwa kiganja, mkono wote ukabaki mweupe, na baba yako akaniuliza nimemsalimia mwokaji mikate gani.

Chapa, mwanangu. Chapa yote, mpaka pale ninapokoroma. Na kina mama wakijibu "Amina", waache wajibu.

Msomaji wako wa kwanza,
Mama